Saa Isiyosema Saa: Safari Yangu ya Bugomora

Tangu nirudi, hapiti mtu uani kwangu hapa Ihembe bila kuniuliza: ilikuwaje, Fundi Zakaria, ukaondoka umepanda baiskeli ukarudi na chuma kichwani? Wengine wanauliza kwa huruma, wengine wanauliza huku wameshaanza kucheka. Mmoja aliuliza kwa mbali, akiwa juu ya mti anachuma kahawa, na nilipoanza kujibu alicheka mpaka tawi likakatika. Basi nimeona niandike yote mara moja, anayejua kusoma awasomee wenzake, mimi nirudi kazini.

Chanzo mnakijua. Baba mkwe wangu, Ta Kamugisha, ana mashine ya kusaga, injini yake ya dizeli inasikika mpaka ng'ambo ya bonde. Shafti yake, kile chuma kirefu kinachozunguka, ilipokatika alinipa mimi kazi ya kuchonga nyingine, kwa kuwa mimi ndiye mwenye mashine ya kerezo, ile ya kukanyaga kwa mguu, iliyoko kwenye kibanda nyuma ya jiko. Nilichonga. Nilipima kwa jicho, kwa chaki, na kwa kumwomba Mungu. Mashine ilipowashwa ilitetemeka hata bati moja la paa likashuka, na unga ukawaenea kinamama waliokuwa wakisubiri, wakawa weupe kama watakatifu wa pichani.

Ta Kamugisha hakunitukana. Mkwe hatukanwi. Alisema tu, mbele ya wote, "Mkwe wangu ametuletea ngoma. Sasa tutafute na wachezaji." Halafu akatangaza kwamba, mavuno yakiisha, ataita fundi kutoka Bukoba. Kinamama wakarudi kwenye vinu na mawe ya kusagia, na kila aliyetwanga mtama alinitwangia na mimi jina langu humo humo.

Nilijua kinachonikosesha. Jicho la binadamu halioni kasoro ndogo kama unywele. Ipo saa ya kupimia, ina uso wa mviringo na mshale kama saa ya kawaida, lakini badala ya kusema wakati inasema chuma kimepinda kiasi gani. Ukiigusisha kwenye shafti ukaizungusha shafti, mshale unakuonyesha palipovimba. Mpya, dukani Bukoba, nilitajiwa bei nikaomba irudiwe, nikidhani nimetajiwa bei ya lori. Ndipo nikasikia kwamba huko Bugomora kuna mzee aliyestaafu karakana ya mgodi wa bati, naye anavyo vifaa vya namna hiyo na huenda akaviuza. Nikamwambia mke wangu, Mama Dorka, "Ninakwenda." Akasema, "Nenda. Ukibaki hapa nitaendelea kusutwa kisimani."

Ihembe hadi Nkwenda

Niliondoka kwa baiskeli, na nyuma nimefunga mkungu mdogo wa ndizi za kuchoma, blanketi, na kalipa yangu ya zamani, kile chuma cha kupimia unene chenye taya mbili. Mama Dorka alinipa pia pakiti ya senene wa kukaanga. Senene hao hawakufika mbali. Mlima wa kwanza niliwala kwa ajili ya kupata nguvu, mlima wa pili kwa ajili ya kusahau ule wa kwanza.

Mvua ilinikuta kabla ya Nkwenda. Tope la kule ni jekundu na lina upendo, likikushika halikuachi. Nilifika sokoni nikiwa nimebeba baiskeli begani. Nilijihifadhi barazani kwa mfanyabiashara mmoja mwenyeji wa Muleba, Bwana Deogratias, mtu mnene mwenye kizibao na ukarimu wa kuuza. Alinipa kahawa za kutafuna, tukasalimiana vizuri, akaniuliza safari yangu ni ya nini.

"Ninatafuta saa," nikasema.

Hapo nilikosea. Alishanipa mgongo, anapanda ngazi ya rafu. Alishusha saa ya mezani, ya kengele, ina jogoo anayedonoa kila inapogonga.

"Bwana, ninayoitafuta mimi haisemi saa."

"Hata hii haisemi," akanihakikishia. "Imesimama tangu Pasaka. Ndiyo maana nitakupunguzia."

Nilimweleza kwamba yangu inapima chuma. Akanisikiliza, akatikisa kichwa kwa masikitiko, akasema, "Ndugu yangu, saa isiyosema saa, hata kama ni nzima, ina faida gani kuliko hii yangu mbovu?" Mvua ilikuwa bado inanyesha. Nilikaa nikamtazama yule jogoo, naye jogoo akanitazama mimi, mpaka jua likatoka. Niliondoka bila jogoo, lakini kwa shida.

Nkwenda hadi Kaisho

Kaisho niliingia jioni, gurudumu la nyuma linayumba. Nikasimama penye mji mmoja mzuri, boma la mtu mwenye uwezo, migomba imefagiliwa chini, ng'ombe wenye pembe ndefu wanarudi. Nikaketi pembeni ya njia, nikatoa kalipa, nikaanza kupima ekseli ili nijue imelika kiasi gani. Mama mmoja alipita na kuni.

"Shikamoo, Ma," nikasema.

"Marahaba. Unafanya nini hapo?"

"Ninapima tu, Ma."

Hakuuliza zaidi. Kuni akazitua palepale njiani, akaingia ndani kwa haraka isiyolingana na umri wake.

Haikupita muda akatoka mwenye mji, Ta Rutagwa, mzee mwenye upara unaong'aa, amevaa kanzu safi ambayo bila shaka haikuwa ya kuchungia ng'ombe. Alinikaribisha kwa mikono miwili. Nililetewa maziwa. Nililetewa maji ya moto ya kunawa miguu. Nikasikia kuku akilia nyuma ya nyumba, halafu nikasikia amenyamaza. Moyoni nikasema, kweli watu wa Kaisho wanajua mgeni.

Kabla kuku hajaiva akaja jirani, Ta Bitegeko, mrefu, nywele nyingi, naye amevaa koti. Akasisitiza nipite kwake kwanza nionje kidogo. Nikaenda nikaonja ndizi za kupikwa na maharage na samli juu yake, nikarudi kwa Ta Rutagwa nikala kuku. Nilipokuwa nafungua mkanda wa suruali tundu moja, Ta Rutagwa akaketi karibu, akasema kwa sauti ya chini, "Bwana Mpimaji, utaona mwenyewe kesho. Ule mstari wa omuramura, ile miti ya mpakani, baba yangu aliipanda imenyooka. Kama leo imeingia kwangu kama tumbo la mjamzito, hiyo si kazi ya mvua."

Nikaelewa kila kitu kwa pamoja, nikaurudisha mkanda kwenye tundu lake.

"Tata," nikasema, "mimi sipimi mashamba."

"Unapima nini?"

"Chuma. Tena vitu vyembamba kama unywele."

Mama wa zile kuni, ambaye kumbe ndiye mama mzazi wa Ta Rutagwa, akasema kutoka jikoni kwa Kinyambo maneno ambayo sitayaandika, maana yake ni kwamba kuku yule alikuwa anataga.

Ta Rutagwa alifikiri sana. Mwisho akasema, "Kuku ameshaliwa, hawezi kurudi. Utalala hapa. Lakini kesho ukiondoka, mwambie jirani kwaheri kwa uso wa serikali."

Nikajaribu. Asubuhi nilimuaga Ta Bitegeko nikiwa nimekunja uso kadiri nilivyoweza. Alikuwa na jembe mkononi na tope magotini, na nyuma yake miche ya omuramura ilikuwa imenyooka kama wanajeshi. Nilipanda baiskeli nikaondoka upesi, nisije nikacheka.

Kaisho hadi Bugomora

Kipande hiki kilikuwa kifupi na kilinichosha kuliko vyote, kwa sababu kila niliyemuuliza njia alikuwa ananijua tayari. Habari zilinitangulia. "Wewe ndiye yule mpimaji?" Mmoja alikimbiza mbuzi wake vichakani aliponiona. Mwingine alinizuia nimpimie mwanawe, kijana mkubwa tu, kama ameshafikia kuoa. Nilimtazama yule kijana nikasema bado. Baba alifurahi sana, kijana hakufurahi.

Bugomora kwa Ta Bernado

Ta Bernado alikuwa mfupi, safi, ndevu amezichonga kwa pembe kama amezipima kwa guni, kile kipimo cha mafundi cha kunyooshea pembe. Nyumba yake ina picha ya Bikira Maria ukutani, na chini ya picha kuna sanduku la bati. Mkewe, Ma Anjelina, alinipa mramba, maji ya ndizi mbivu, mtamu, baridi, nikasema shida yangu.

Mzee alifungua lile sanduku kama mtu anayefungua mlango wa chumba cha mgonjwa. Akatoa kitu kimoja kimoja, kila kimoja kimefungwa flana yenye mafuta. Guni la chuma. Vitalu viwili vyenye mfereji wa pembe juu, vya kulazia shafti isibingirike. Bamba la chuma lililosawazishwa, pana kama sinia, ambalo ndilo msingi wa kupimia kila kitu. Na mwisho, kutoka kwenye soksi ya sufu, ikatoka saa yenyewe, pamoja na mguu wake wa kusimamia. Akaigusa kwa ncha ya kucha. Mshale ukaruka kama kitu chenye roho. Jamani, nilisahau kumeza mramba.

"Ni vifaa vizuri," nikasema.

"Ni wanangu," akasema. "Mungu hakutupa watoto, alinipa hawa. Nani amekuja nawe?"

"Nimekuja peke yangu, Tata."

Akaanza kuwafunga tena. "Sitoi binti zangu kwa mtu aliyekuja peke yake. Mshenga wako yuko wapi?"

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Nilieleza habari za mashine ya kusaga, na baba mkwe, na kinamama weupe. Akanisikitikia kwa dhati, akaendelea kufunga. Nikaona safari yangu yote inarudi kwenye soksi.

Ndipo Ma Anjelina akainuka, akatoka nje kwa mlango wa nyuma, akazunguka nyumba, akabisha hodi mlango wa mbele.

"Karibu," akasema Ta Bernado, amechanganyikiwa.

Akaingia, akaketi upande wangu. "Mimi ni mshenga wa kijana huyu," akamwambia mumewe. "Tunasikia hapa kuna mabinti."

"Anjelina!"

"Mimi huyo simjui. Mimi ni mshenga. Miaka mingi nimesikia mwenye nyumba hii ana mke ambaye nguo zake zinakaa kwenye kikapu, kwa kuwa sanduku limejaa chuma."

Sijapata kuona mazungumzo ya posa kama yale. Mzee alidai pombe, mshenga akamwendea rubisi kutoka kwenye mtungi wa mzee mwenyewe. Mzee alisema mabinti wamesoma karakana ya Wazungu, mshenga akajibu kwamba wamesoma lakini hawapiki. Alipolisifu bamba kwamba halijawahi kuguswa na kitu kibaya, nililiinamia niliangalie, nikasikia harufu ya karanga. Nikainua macho. Ma Anjelina alikohoa, akanitazama kwa jicho la onyo. Kumbe mzee akienda misa ya kwanza, mama anasagia karanga juu ya bamba hilo. Nikasema, "Bamba safi kabisa," na tangu hapo mshenga wangu alinipigania kama simba.

Mwisho bei ikashuka mpaka nikaifikia, lakini kwa saa na vitalu tu. Guni ningeweza kuliacha, lakini bila bamba saa ni kama mtu asiye na pa kusimama. Nilipokuna kichwa, mshenga aligeuka akatazama nje ya mlango, pale nilipoegesha baiskeli.

"Kanisani ni mbali," akasema taratibu. "Na magoti ya mama mwenye nyumba hii yanamsumbua."

Sasa mnajua baiskeli ilikwendaje.

Kurudi Kaisho kwa miguu

Desturi ya kwetu mgeni husindikizwa. Ta Bernado alinisindikiza juu ya baiskeli yangu, mkewe amekaa nyuma kwenye keria amevaa nguo ya Jumapili, na mimi nikitembea mbele yao na bamba kichwani, vitalu begani, saa kifuani ndani ya soksi. Mzee hakuwa amewahi kupanda baiskeli. Kila baada ya hatua chache nilisikia kelele nyuma, "Breki iko wapi? Zakaria, breki iko wapi?" halafu mshindo kwenye maharage ya watu. Mara ya tatu Ma Anjelina alicheka mpaka akaketi chini. Tuliagana pale. Mzee alinishika mkono. Akasema, "Usimweke kwenye unyevu," akageuza uso. Nikamwahidi. Kicheko chote kilinitoka, nikatembea kitambo bila kusikia uzito.

Kaisho walinipokea vingine kabisa. Ta Bitegeko alikuwa ameshagundua. "Kumbe wewe hupimi mashamba!" alinifokea. "Miche yangu ndiyo hiyo, inaota ilipo, sasa nikiing'oa tena itakufa!" Ta Rutagwa aliyekuwa nyuma yake alikuwa anaangalia mawingu kwa makini.

"Haya," akasema Ta Bitegeko, "ulisema unapima unywele. Pima hapa, tuone kama ulikula vyakula vyetu kwa haki."

Nikaweka bamba juu ya kigoda, nikasimamisha saa. Ta Bitegeko akang'oa unywele wake, nikaupitisha chini ya ncha ya saa. Mshale ukasogea mistari mitatu. Wakaguna wote. Akajitapa, "Mitatu! Huyu jirani yangu hana hata mmoja!" Ni kweli, Ta Rutagwa alikuwa na upara. Akajaribu wa kidevuni, lakini watu wakapiga kelele kwamba ndevu si nywele, na kesi ikawa kubwa. Ndipo mama yake, yule wa kuni, mwenye kuku, akavua kitambaa cha kichwa mbele ya wote, akang'oa unywele mmoja mweupe.

Mshale ulisogea mistari minne na kitu.

"Mwanangu ametoka hapa," akasema yule mama, akajifunga tena kitambaa. Kelele zilizopigwa pale zilileta watu wa mtaa wa pili. Ta Bitegeko mwenyewe alicheka mpaka akaniletea ndizi, akasema mpaka ubaki ulivyo, lakini mimi nisirudi tena Kaisho na kitu chochote cha kupimia.

Kaisho hadi Ihembe juu ya lori

Lori la kahawa lilinichukua. Nililala juu ya magunia, saa kifuani, nimeikumbatia kila shimo tulilopita. Mwenzangu wa safari, mama mwenye bata wawili, aliniuliza kama ninaumwa moyo. Nilisema hapana, nimebeba saa. Akaniuliza saa ngapi sasa. Nilikuwa nimeshajifunza. Nilitazama jua nikamwambia saa tisa, akashukuru, tukafika vizuri.

Ihembe, kwenye mashine

Ta Kamugisha alikuja mwenyewe kibandani kwangu, na nyuma yake nusu ya kijiji, nadhani kuona kama nimerudi na wachezaji wa ile ngoma. Shafti tulikuwa tumeifungua. Nikailaza juu ya vitalu, vitalu juu ya bamba, nikasimamisha saa, nikaanza kuizungusha kwa kidole.

Mshale haukutikisika. Nikasogeza saa mbele kidogo. Haukutikisika. Katikati, kimya. Kama shafti ilikuwa sawa, basi mimi nilikuwa nimetoa baiskeli bure. Nikasogea mpaka mwisho kabisa, pale inapokaa puli, lile gurudumu la mkanda. Mshale ukaruka.

Niliinama nikatazama. Kwenye kichwa cha shafti kulikuwa na alama tatu za kugongwa kwa jiwe, za duara, nzuri kabisa. Shafti niliikabidhi mimi, lakini puli hawakuningoja. Waliigonga wenyewe ikaingia. Na katika mji ule wa Ta Kamugisha, mtu anayeruhusiwa kuigusa mashine ni mmoja tu.

Niliinua kichwa. Ta Kamugisha alikuwa anautazama mshale. Uso wake ulikuwa umepoteza rangi kidogo. Mke wangu alikuwa mlangoni amefumbata mikono, naye ameshaelewa, ananitazama aone nitasema nini mbele ya watu wote wale kuhusu baba yake.

"Kasoro nimeiona," nikasema kwa sauti. "Ni ndogo, iko mwishoni. Niachieni, kesho mtasaga."

Watu wakapiga makofi. Wengine wakasema nimekiri kosa kiungwana. Nikakubali sifa hiyo, sina la kufanya. Waliondoka mmoja mmoja mpaka kibandani tukabaki mimi na baba mkwe. Kisha akaisogelea saa, mikono ameiweka nyuma asije akaigusa.

"Mkwe," akasema. "Hiyo saa yako inaonyesha na aliyegonga?"

"Hapana, Tata. Inaonyesha palipogongwa tu."

Akatikisa kichwa polepole, akaitazama tena, safari hii kwa heshima.

"Saa nzuri," akasema. "Ina adabu."